Nyota ya Baba Kidawa

Siku hizi kila mtu ana nyota yake, mojawapo ya zile zinazobadilika mwanga. Ikififia unapumzika, iking'aa unafanya kazi. Ila huruhusiwi kujipimia: anayekupimia ni mwenzio wa ndoa, akiilinganisha na nyota jirani zisizobadilika.

Jioni hiyo Mahonge alichungulia kwenye darubini, akaona nyota ya mkewe inawaka kuzishinda jirani zake zote. Mkewe alikuwa akikohoa tangu asubuhi.

"Bado imefifia, Mama Kidawa. Kesho lala tu."

Mkewe akajikongoja hadi kwenye darubini, zamu yake ya kumpimia mumewe. Hakukawia.

"Yako inang'aa, Baba Kidawa."

Mahonge akashika tupa, akaanza kunoa jembe la kesho. Kisha mkono ukasita. Tangu waoane, nyota yake haijapata kufifia hata siku moja.