Dari ya Fuko

Nyumbu mmoja, wa mbugani, si yule mzao wa punda na farasi, aliumwa na miguu ya mbele kila alipokimbia. Alikuwa wa mwisho katika kundi, na fisi walikwisha anza kumwamkia kwa jina.

Akamwendea Mbuni, bingwa wa mbio.

"Tupa miguu mbele kabisa, bwana," alisema Mbuni. "Mimi hatua moja, wewe tatu. Huoni aibu?"

Nyumbu akafuata, akazidi kuchechemea. Ndipo akasikia sauti kutoka ardhini. Alikuwa Fuko, ambaye hajapata kumwona mtu yeyote akikimbia.

"Kumbe ni wewe unayenibomolea dari? Wenzako wakipita, mchanga haudondoki. Wewe unatwanga. Fupisha hatua, mguu utue chini ya kifua, ama sivyo hama."

Nyumbu akaona haya, akatii kwa ajili ya ujirani tu. Siku ya tatu alikuwa akikimbia katikati ya kundi, bila maumivu. Alipopita juu ya shimo, alimsikia Fuko akimwambia mkewe, "Maskini jirani yetu. Simsikii tena. Fisi wamekwisha mla."