Wangu kwa Wako

Sheria inamlinda yeyote anayempulizia dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na heroini, mradi asiwe damu yake. Mzazi akishika kichupa cha dawa hiyo, inahesabika alijua mwanawe anatumia akaficha, na anafungwa. Ndiyo maana mimi na jirani yangu, Mama Shekue, tuliahidiana: wangu utamwokoa wewe, wako nitamwokoa mimi.

Jana mchana tuliwakuta wanetu wote wawili kwenye kochi langu, midomo rangi ya majivu.

Nilipiga magoti kwa Shekue. Mama yake alipiga magoti nyuma yangu, kwa mwanangu Mzamilu. Kamera zilizofungwa kwenye vichupa, za kumwonyesha polisi nani anampulizia nani, ziliwaka taa nyekundu.

Nikapuliza puani.

“Wangu vipi?” akauliza.

“Bado. Na wangu?”

“Bado. Usigeuke, mwenzangu. Watakuona.”

Nikatazama ukuta, nikamsugua Shekue kifuani. Ghafla akakohoa, akaning’ang’ania mkono.

“Mama Shekue, wako amerudi.”

Nilingoja aseme alhamdulillahi. Nilisikia tu kichupa chake kikibonyezwa tena, na tena, kikitoa hewa tupu.