Leo Hakuna Nyundo

Bi Raziki alilalamika manispaa mpaka ukarabati wa nyumba za wasiojiweza, zilizopakana na yake, ukasimamishwa. Vumbi lilimchafulia nguo kambani na nyundo zilimnyima usingizi. Mafundi waliondoka wakiwa wameshaezua paa lote.

Jioni mvua ikashuka. Ng'ambo ya ukuta, katika mojawapo ya nyumba hizo, mtoto wa Hadia, mgonjwa wa kifua, alikohoa mfululizo.

"Bi Raziki," Hadia aliita, "leo hakuna nyundo. Lala basi, shoga."

Bi Raziki alisimama mlangoni. Uani, gari lake lilikuwa limefunikwa turubai jipya, pana la kutosha chumba kizima. Alitoka, akashika fundo la kamba.

Kikohozi kikakoma ghafla. Akabaki amelishika fundo lile, akisikiliza, mvua ikimwagika juu ya turubai.