Jicho la Bundi

Sheria inataka sura ya marehemu ifutwe na simu yenyewe katika kila picha ikifika arobaini yake. Siku hiyo wageni walipoondoka nilifungua simu, nikakuta katika picha yetu ya harusi uso wangu tu. Mume wangu, Shedafa, alikuwa amebaki suti na ukungu.

Shedafa alikuwa akirekodi ndege wa msituni kwa lenzi ndefu kama mkono. "Shika jicho kwanza, Mama Nakunda," alinifundisha. "Jicho likitoka safi, manyoya hayatakusumbua."

Nikafungua video yake ya bundi, ile ambayo mama yake alituzuia tusiioneshe ndani ya nyumba. Nikaisimamisha, nikalivuta jicho la njano mpaka likajaa kioo. Ndani yake alikuwemo Shedafa, mdogo kama punje ya mchele, ameinama kando ya kamera, anatabasamu.

Nikamwita binti yetu. "Nakunda, njoo umwone baba yako."

Alimtazama kwa muda mrefu, akamgusa kwa kidole. "Mama, mbona anafifia?"

Nikaizima simu haraka, lakini ilikuwa imeshamtambua. Nilipoiwasha tena, bundi alikuwa bado tawini, kila unyoya unahesabika, na macho hana.