Kamera ya Kondoo

Kamera ilinunuliwa kwa ajili ya kondoo. Hilo halina ubishi, hata Masamba mwenye nyumba aliliafiki. Mtaani kwao Grand Yoff wezi walikuwa wanapanda mapaa na kushuka na kondoo wa Idi begani, kwa hiyo Rokhaya, mke mkubwa, akaifunga kamera ukutani, akawa anamlinda kondoo kwa simu huku amejilaza.

Idi ikafika, kondoo akachinjwa, akaliwa mpaka kwato. Kamera ikabaki. Rokhaya aliona ni israfu kuing'oa, akaigeuza kidogo tu, ikawa inatazama milango ya vyumba.

Tangu hapo nyumba ile ikaingiwa na adabu ya kutisha. Masamba akienda msalani mara mbili, aliulizwa amekula nini huko dukani. Bineta, mke mdogo, akicheka na simu yake, aliulizwa kachekeshwa na nani. Halafu Rokhaya akaona kamera peke yake haitoshi. Mumewe akiwa anaoga, aliichukua simu ya mume akatia kile kidude cha kuonyesha mtu alipo. Ya Bineta aliitia mchana kweupe, mwenyewe akitazama, maana kwa mke mdogo hakuona haja ya kujificha.

Kinukta cha Bineta kwenye ramani hakikuwa na maneno. Kila Alhamisi kilikaa kwa msusi tangu adhuhuri hadi alasiri, ingawa kichwa chenyewe kilikuwa na mabutu yaleyale ya Ramadhani. Rokhaya alimhurumia mwenzake kwa kupata msusi mvivu.

Kinukta cha Masamba ndicho kilichomnyima usingizi. Jumatatu na Jumatano kilitoka dukani kwake anakouza rangi za nyumba, kikaenda mpaka Pikine, upande wa pili wa mji, kikazama uchochoroni na kutulia humo.

"Ana mwanamke," alimwambia Bineta, wakinywa chai baada ya chakula cha mchana. "Anatuletea wa tatu. Na akija huyo, zamu zetu zinakatwa. Tazama mwenyewe, yuko huko sasa hivi."

Bineta alitazama ramani, chai ikampalia.

"Umeona? Hata wewe imekuuma."

"Dada, tuachane nayo. Si lazima mtu ajulikane alipo kila saa. Hata chooni watu hufunga mlango."

"Anayefunga ana jambo."

"Na jambo lenyewe unalijua, dada. Ni choo."

"Usinichekeshe, nina hasira. Vaa twende. Nimemzalia watoto wanne, nimelala naye njaa wakati hana hata ndoo ya rangi, leo mtu wa Pikine aje anisukume pembeni?" Sauti ilimkatika hapo, na machozi yalikuwa ya kweli. Bineta akaenda kuvaa.

Ndani ya teksi Rokhaya alivua hereni na kuzifunga kwenye ncha ya kilemba.

"Tukimkuta huyo mwanamke, utamfanya nini?" Bineta aliuliza.

"Nitamvua wigi."

"Na kama hana wigi?"

"Nitamvua alichonacho."

Dereva akatazama barabara, akajitia hasikii. Walipofika Pikine akapotea, ikabidi Bineta amwelekeze kwa mkono: kushoto, halafu nyuma ya kinyozi. Rokhaya akajisemea kwamba kumbe wivu unamfumbua mtu macho. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, mlango haukufungwa. Ngazi zilikuwa na giza, na Rokhaya akajikwaa kwenye kidato kilichovunjika. Bineta alikiruka.

Juu palikuwa na pazia zito. Rokhaya alilishika kwa mikono miwili, akasoma bismillahi, akalivuta.

Wanaume watupu. Magodoro yalikuwa yamepangwa ukuta hadi ukuta, na kila godoro lina baba wa watu amelala, kanzu yake imetundikwa msumarini. Feni ilizunguka. Masamba alikuwa katikati, mdomo wazi, fulana imempanda kitambini, anakoroma. Alikuwa peke yake. Rokhaya alichungulia nyuma ya pazia. Akainama akaunusa mto wa mumewe. Ulinuka udenda.

Furaha ilimjaa. Hakuna wa tatu. Zamu zake ziko palepale. Kisha ikamjia hasira mpya, ya aina asiyoijua: mwanamume ana vitanda viwili nyumbani, ana wake wawili wa kumtandikia, halafu anavuka mji mzima kuja kulala sakafuni na wazee wa watu?

"Bineta, wewe unaelewa kitu hapa?"

Bineta alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kutoka chumba cha pili akaja mzee mwenye nyumba ile ya Pikine, ananyata, amebeba bakuli kubwa la wali lenye kifuniko. Alipolifunua, ndani hamkuwa na wali. Simu za watu zilikuwa zinatetemeka humo, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezijali. Mzee alipomwona Bineta, uso ukamchangamka.

"Karibu, mwanangu," alinong'ona. "Leo si Alhamisi, lakini upande wa kina mama godoro lako liko tupu, na mgeni wako naye hakosi nafasi. Yako najua huwa unaiacha kwa msusi; yeye aweke yake humu tu. Ila umwonye mapema, asije akamtaja yule mke mwenzako wa kamera, maana mumeo akilisikia lile jina usingizini anaamka anatetemeka, na hapo hakuna anayelala tena."