Kitambaa cha Zamda

Hidaya alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, alipomwona Zamda amesimama mlangoni, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Tangu watu asiowajua waanze kumpigia simu, wakimtajia tatizo lake la kizazi na kumuuzia dawa, Zamda alikuwa hajakanyaga tena hapa. Siri ile, zaidi ya mumewe, alimwambia Hidaya peke yake, basi nani mwingine angeitoa? Hidaya aliapa mpaka akachoka.

Zamda alimnyooshea simu bila hata salamu. Ujumbe ulitoka hospitali: "Ndugu mteja, tunasikitika kukujulisha kuwa majibu ya vipimo vyako yaliibwa kwenye kompyuta zetu."

Hidaya akausoma, akaurudia. Akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mume wangu anasema bora wangenyamaza," Zamda alisema. "Eti wamejiaibisha bure."

"Wangenyamaza, shoga, ningezikwa na lawama yako."

Zamda aliingia, akaketi mkekani, akaegemeza mgongo kwenye magoti ya Hidaya kama zile Jumapili za kusukana, akafungua kitambaa. Misuko ilikuwa ile ile aliyosukwa na Hidaya kabla ya ugomvi, imefumuka nusu, imeshika vumbi.

"Sikumpa mtu mwingine kichwa changu," alisema kwa sauti ndogo.

Hidaya akausukuma ungo pembeni, akanyoosha mkono kuchukua chanuo.