Mtoto Asiyebisha

Mama mkwe hakuuliza njia. Alipita mlango wa kioo, akakata kushoto, akapanda ngazi huku akiyalaumu magoti yake, na mshonaji na mumewe wakamfuata nyuma.

Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajaingia tumboni. Alikuwa ndani ya jokofu la kliniki, chembe isiyoonekana kwa macho, akisubiri wakubwa waelewane. Walikuwa wamemtafuta kwa muda mrefu, kwa dawa na kwa dua, na sasa kapatikana, bibi yake anataka arekebishwe kidogo kabla hajaja.

Asubuhi, kabla hawajatoka nyumbani, mshonaji alikuwa amemweka mumewe kitako. "Leo utamwambia mama yako hapana. Mtoto aje kama alivyo, awe mbishi, awe mpole, ni wetu. Sawa?"

"Haya," alijibu mumewe kwa sauti yake laini ya siku zote. Alikuwa fundi rangi, na mikono yake haikukosa doa la rangi hata siku ya sherehe.

Njiani mama mkwe naye akasema, "Wewe leo nyamaza, niachie mimi."

"Haya, mama."

Ukumbi wa kungojea ulijaa. Tangu siri ya miaka mingi itoke, kwamba jeni zinaweza kupangwa, kliniki ilikuwa haipumui. Mzee mwenye upara alitaka kujua kama upara unaweza kumruka mjukuu wake. Kijana mmoja aliuliza kama mtoto anaweza kupewa macho ya paka, maana umeme wa mtaani kwao hauaminiki. Mwanamke aliyekaa na mwavuli mapajani akauliza, "Na mume aliyekwisha komaa je, anarekebishika?"

"Aliyekwisha zaliwa hatumgusi, mama," mhudumu wa mapokezi akasema. "Tunaanza mwanzo kabisa."

Watu wakacheka. Mshonaji naye alicheka, akaweka mkono kwenye goti la mumewe. Mume wake yeye hakuhitaji kurekebishwa. Hajawahi kumfokea, hajawahi kukataa chakula hata kilichoungua. Mwenye duka la viatu alimwambia apake ukuta bluu, akapaka. Mke wa mwenye duka akapita, akasema kijani kinapendeza zaidi, akapaka kijani. Mwenye duka akarudi, na jioni ukuta ukawa bluu tena, bila mtu kusikia hata mguno.

Hata ndoa, mshonaji ndiye aliyeianza. Walikuwa wamejibanza barazani wakikimbia mvua, uvumilivu ukamshinda, akasema, "Tuoane." Naye akajibu "Haya," kope hata hazikucheza. Wenzake wa cherehani walimwambia, shoga, huyo anakupenda, mwanamume asiyefikiri mara mbili. Mpaka leo, kazi ikimchosha, neno hilo humpa raha.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jeraha. Mwanawe wa kwanza alibishana naye tangu alipojua kusema, na mwisho akahama bila kuaga. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alikuwa akisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Wa kwanza alinifunza. Wa pili sikubahatisha." Mshonaji alidhani anazungumzia malezi.

Wakaitwa ndani. Daktari alikuwa mzee, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alimwamkia mama mkwe kwanza, akamuuliza habari za magoti, ndipo akawageukia wengine.

"Ni jambo dogo," akaeleza. "Ile sehemu ya ubishi tunaituliza. Mtoto atakuwa na akili zake, atacheka, atafanya kazi. Ila akiambiwa jambo, atalifanya."

"Na akiambiwa na watu wawili, kila mmoja na lake?" mshonaji akauliza.

"Atamfuata aliyesema mwisho. Ni kasoro, sikatai. Wazazi huzoea."

Mshonaji alimgeukia mumewe. "Sema tulichokubaliana."

Fundi rangi akafungua mdomo.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama yake akasema, na mdomo ukafungwa.

"Taratibu zetu ni kwamba mzazi mmoja akikubali, inatosha," daktari akasema. "Mama, tuweke kiasi gani?"

"Kama mara ile," mama mkwe akajibu.

"Kilekile?"

"Kilekile, daktari. Umewahi kuniona hapa na malalamiko?" Akanyoosha mkono, akamwekea mwanawe kola vizuri.

Mshonaji aliutazama ule mkono. Kisha akaitazama shingo ya mumewe, iliyokuwa imetulia, ikingoja kola ikae sawa. Alitaka kulia, lakini mtoto alikuwa bado kwenye jokofu, na daktari alikwisha vaa miwani.

"Haya, baba mtoto," daktari akasema. "Unakubali au hukubali?"

"Sema ndiyo, mwanangu," mama mkwe akasema, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi.

Mshonaji alimwacha amalize. Alingoja mpaka kiti kikaacha kulia, kisha akainama kwenye sikio la mumewe.

"Sema hapana, mume wangu."

"Hapana," fundi rangi akasema, kwa sauti ileile laini aliyoitikia barazani siku ya mvua.